Wigi la Tina na kichwa kilichonyolewa

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada yangu saluni, Majengo, hapa Dodoma. Msusi akamvua mtandio, akapitisha kidole pembeni mwa kichwa, kuanzia juu ya sikio kupanda mpaka kwenye paji la uso, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hapa hapashiki uzi tena." Miaka ya kuweka dawa na kubana rasta ilikuwa imezimaliza nywele za mbele. Ngozi ilibaki laini, inang'aa. Dada hakujibu. Aliinua kidevu tu, kuonyesha wigi lililovishwa kwenye kichwa cha plastiki juu ya kabati.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nabishana na rafiki yangu, mwalimu wa fasihi, juu ya Wimbo wa Lawino. Yeye anasema maneno ya Okot p'Bitek kuhusu nywele yangebandikwa kwenye kuta za kila saluni ya mji huu. Mimi namkubalia nusu. Nusu iliyobaki inaninyima raha.

Kwa asiyekumbuka, shairi hilo refu lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Lawino, mwanamke wa Kiacholi wa kaskazini mwa Uganda, analalamika kwamba mumewe Ocol amempa kisogo kwa ajili ya Clementine, ambaye yeye humwita Tina. Tina huzipika nywele zake kwa moto ili zilale, na Lawino anamfananisha na kuku aliyetumbukia dimbwini. Na wigi analolivaa kwenda dansini, anasema Lawino, ni nywele za mwanamke wa Kizungu aliyekufa zamani.

Nianze na nusu ninayoikubali. Lawino hazitukani nywele za Wazungu. Anasema wazi kwamba hadharau mila za wageni. Anachokataa ni mumewe kuzidharau za kwao. Kila nywele na kichwa chake. Babu yangu, Mgogo wa vijiji vya upande wa Mpwapwa, alikuwa akisimulia vijana wa rika lake walivyosuka nywele ndefu na kuzipaka ngeu na mafuta, kisha akamalizia kwa mkasi wa siku ya kwanza shuleni. Vichwa vile vilikwisha kuchekwa kabla Lawino hajafungua kinywa. Yeye anarudisha kicheko kilikotoka, na mwaka 1966 hilo lilihitaji ujasiri.

Tena ana jamaa katika fasihi yetu wenyewe. Mwana Kupona, katika utendi wake wa 1858, anamwusia binti yake aoge, ajisinge, afunge nywele zake na atunge asumini. Ni urembo wa nywele alizozaliwa nazo. (Kwamba yote hayo yafanywe kumpendeza mume ni mjadala mwingine.)

Sasa nusu inayoninyima raha. Mwezi Oktoba 1968, umoja wa vijana wa TANU ulipitisha azimio lililojulikana kama Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, wigi, sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kujichubua marufuku. Hata tarehe haijafika, Kariakoo vijana walikuwa wameanza kuwavamia wanawake barabarani. Najua shairi haliwezi kubebeshwa lawama za wahuni. Lakini hoja ilikuwa ile ile, kwamba utamaduni una adui na adui huyo anaonekana kichwani na mapajani mwa mwanamke. Mwanamume aliyevaa suti na tai alipita bila kuulizwa.

Na hapa Dodoma tunaifahamu hoja hiyo kwa karibu. Septemba 2018 Spika aliwapiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia bungeni. Juni 2019, bajeti iliyosomwa katika Bunge hilo hilo ilipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Serikali ina haki ya kutafuta mapato, sina ugomvi na hilo. Nilisikiliza redio kwenye kibanda cha chai siku ile, na kipengele hicho ndicho pekee kilichowafanya wanaume wapigiane viganja. Nilijiuliza wanashangilia nini hasa, maana wake zao ndio watakaolipa.

Halafu kuna lile la kwamba wigi limeletwa na Mzungu. Si kweli. Wamisri wa kale, wanaume kwa wanawake, walivaa nywele za bandia maelfu ya miaka kabla ya wafalme wa Ufaransa, Louis XIII na mwanawe, kuzifanya kuwa fahari ya Ulaya. Kama ni suala la asili, wigi ni la bara hili kabla ya kuwa la Paris.

Hata hivyo sidhani kwamba swali kubwa ni hilo la Uafrika na Uzungu. Fasihi ya zamani ina swali zito zaidi, na sisi tunalipita. Mwaka ule ule wa 1969, Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Humo Bassanio anasimama mbele ya masanduku matatu, anaonya juu ya vitu vinavyong'aa, na mfano wake mmoja ni nywele za dhahabu zinazocheza na upepo. Nywele hizo, anasema, ni mali ya kichwa kingine, na fuvu lililoziotesha limo kaburini. Angeweza kuishia kumcheka anayezivaa. Yeye akaenda mbele hatua moja, akamkumbuka mwenye nazo.

Ovid wa Roma alifika huko zamani zaidi. Mpenzi wake amezichoma nywele kwa rangi mpaka zimenyonyoka, naye anamkemea: nilikwambia uache! Nilipolisoma tena shairi hilo baada ya siku ile ya saluni, kemeo lile lilinichoma, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalo mdomoni. Kisha anamwambia atavaa nywele za mateka wa Kijerumani, na kila atakaposifiwa ataona haya, akijua wanayemsifu ni mwingine. Mshairi anatania, lakini mateka yumo kwenye shairi, amenyolewa, na ushindi wa Roma uko juu ya kichwa cha mwanamke mwingine.

Wamarekani nao waliandika upande wa muuzaji. Jo, katika riwaya ya Louisa May Alcott ya mwaka 1868, anauza nywele zake dola 25 ili mama aende kumwuguza baba. Della wa O. Henry, mwaka 1905, anauza zake dola 20 apate kumnunulia mume zawadi. Tunawalilia. Hakuna anayeuliza nywele zile zilikwenda kukaa kwenye kichwa cha nani.

Hapo ndipo nilipofika, na ndiyo hukumu yangu: ukitaka kulaumu wigi, anza na kichwa kilichonyolewa. Nywele nyingi za binadamu zinazouzwa duniani zinatoka India, baadhi kutoka hekalu la Tirumala, ambako mahujaji hunyoa vichwa kwa ibada na hekalu likaziuza kwa mnada. Pakiti inayofika Majengo ina picha ya mrembo anayecheka, wala haisemi lolote juu ya aliyenyolewa. Lawino alimgusa kidogo, yule mwanamke aliyekufa, lakini ili kumtia kinyaa Tina tu.

Na Tina mwenyewe je? Lawino ana wimbo wake. Ocol alipewa wake mwaka 1970, akajibu kwa hasira zake zote. Tina hakupewa. Hatujui kama nywele zake zilianza kukatika pembeni, kama aliambiwa kazini kwamba nywele za kipilipili ni uchafu, au kama alilipenda tu wigi lake.

Tulipotoka saluni upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza, na vumbi lake. Dada alilikandamiza wigi kwa kiganja tukisubiri bajaji. Nikamweleza habari ya Lawino na yule kuku wa dimbwini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingiza kidole chini ya ukingo wa wigi, akagusa pale pasiposhika uzi.

"Mwambie aje," akasema, "nimwonyeshe hapa, halafu anicheke."