Bar Kokhba: Mwana wa Nyota au Mwana wa Uongo?

Simon bar Kosiba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, aliachiwa majina mawili. Rabi Akiva, akiikumbuka ile nyota itakayotokea katika Yakobo (Hesabu 24:17), alimwita Bar Kokhba, mwana wa nyota. Baada ya kushindwa, marabi wakamwita Bar Koziba, mwana wa uongo. Wengi hadi leo wanalishika hili la pili na kuuona uasi wa mwaka 132 hadi 135 kuwa wazimu wa mtu mmoja ulioliponza taifa zima.

Hoja yao ina uzito. Cassius Dio, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba vijiji 985 viliteketezwa na watu 580,000 wakauawa vitani. Idadi ya waliouawa inabishaniwa, kwa kuwa waandishi wa kale walizoea kutia chumvi. Lakini hesabu ya vijiji haipuuziki, maana wanaakiolojia wamekuta kote Yudea makazi yaliyohamwa kipindi hicho hicho. Kijiji ni kisima, shamba la mizeituni na makaburi ya wazee, na vyote hivyo vilibaki bila mwenyewe. Jimbo lenyewe likapewa jina jipya, Syria Palaestina, na Wayahudi wakakatazwa kuingia Yerusalemu.

Hata hivyo, lawama hizo zinamsahau Hadrian. Kaisari huyo ndiye aliyeamua kujenga koloni la Kirumi, Aelia Capitolina, juu ya mji ambao Hekalu lake lilikuwa magofu tangu mwaka 70. Tena Dio huyo huyo anasimulia kwamba Hadrian, alipoiandikia Seneti, aliiruka salamu ya desturi ya kwamba yeye na majeshi yake ni wazima, na kwamba jemadari Julius Severus ilibidi aitwe kutoka Britania. Genge la wendawazimu haliifikishi Roma hapo.

Rabi Yohanan ben Torta alimwambia Akiva kwamba majani yataota mashavuni mwake na mwana wa Daudi, yaani Masihi, atakuwa bado hajaja. Kuhusu Masihi, hakukosea. Lakini barua za Simon, zilizofukuliwa mwaka 1960 katika pango la Nahal Hever, bonde la jangwa la Yudea, hazidai umasihi wowote. Katika mojawapo anatuma punda wawili wakachukue matawi ya mitende na matunda ya Sikukuu ya Vibanda, anaagiza yatolewe zaka kwanza, kisha anaeleza sababu ya kuhitaji mengi: kambini watu ni wengi.