Mwanafunzi maskini, chuo ghali na barua ya msaada

Kila inaposikika kwamba kijana wa familia yenye kipato kidogo nchini Marekani amechagua chuo kikuu binafsi ambacho gharama zake hukaribia dola 90,000 kwa mwaka, watu wazima hutikisa vichwa. Chuo cha umma cha jimbo lake kingemtosha, wanasema, na deni halina huruma. Hoja hiyo ina uzito, lakini inadhani kwamba gharama iliyotangazwa ndiyo atakayolipa, na kwa mwanafunzi maskini aliyepata nafasi katika chuo chenye utajiri dhana hiyo ni potofu.

Chuo Kikuu cha Princeton, kimojawapo cha vyuo hivyo tajiri, kiliondoa mikopo katika msaada wake mwaka 2001 na kuweka mahali pake ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025-26, hugharimia ada, malazi na chakula kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 100,000 na mali za kawaida. Kijana anayetoka katika nyumba ya dola 40,000 kwa mwaka anaweza basi kusoma huko kwa fedha kidogo kuliko chuo cha umma cha jirani, ambacho ada yake ni ndogo kweli, ila mara nyingi hakina fungu la kumlipia chumba na chakula.

Faida yenyewe pia haipimwi kwa wastani. Watafiti Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti wao wa mwaka 2002, hawakuona kwamba kusoma katika chuo chenye ushindani mkali kuliongeza kipato kwa wanafunzi wengi wenye uwezo unaolingana. Waliofaidika waziwazi walikuwa wale wa familia zenye kipato kidogo. Mtoto wa tajiri angefika alikokwenda kwa njia yoyote, kwa kuwa watu wa kumfungulia milango anao nyumbani. Inashangaza, basi, kwamba ushauri wa kuridhika na chuo cha bei nafuu huelekezwa zaidi kwa yule ambaye chuo ghali kingemsaidia zaidi.

Hata hivyo, vyuo vyenye akiba ya namna hiyo ni vichache, na nafasi zake ni haba mno. Vyuo binafsi vingi hutoa ruzuku isiyofikia mahitaji, na hapo ndipo wenye tahadhari wanaposema kweli. Tuchukue mfano wa barua ya msaada, ile ambayo chuo humtumia aliyepata nafasi kumweleza fedha atakazopata, kutoka chuo cha dola 80,000 kwa mwaka: ruzuku ya chuo 45,000, ruzuku ya serikali iitwayo Pell 7,395, ambacho ndicho kiwango chake cha juu, mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza 5,500. Barua hujumlisha yote matatu chini ya neno moja la kupendeza, msaada, kana kwamba mkopo ni zawadi. Zinabaki dola 22,105, na mzazi huelekezwa kwenye mkopo wa wazazi uitwao Parent PLUS, ambao kwa miaka mingi ulitolewa bila kuuliza kama kipato chake kinaweza kuulipa. Sheria ya mwaka 2025 imeuwekea ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026. Hata akikopa hadi ukomo huo, mzazi wa mfano wetu bado anadaiwa 2,105 mwaka wa kwanza, na fungu lote litakuwa limekwisha kabla mtoto hajamaliza mwaka wa nne.

Barua ya namna hiyo inafaa kukataliwa, hata jina la chuo liwe kubwa kiasi gani. Lakini ili aikatae, mwanafunzi lazima kwanza awe ameomba nafasi na kuipata barua mkononi, na anayezuiwa tangu mwanzo kwa sababu ya gharama iliyotangazwa hafiki hapo. Tangu mwaka 2011 vyuo vinavyopokea fedha za serikali vinalazimika kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha makadirio ya gharama baada ya ruzuku. Ni busara kuanzia hapo, kisha, barua ikija, kuuliza kwa maandishi kama ruzuku itadumu miaka yote minne na kama itaongezwa ada ikipanda.