Amekufa, Onyesho Hakuna: Venus na Watazamaji Wake

Taa zinawaka. Mwanamke amesimama jukwaani, kageukia upande mmoja. Anazunguka kidogo, anasimama. Anazunguka tena, kama bidhaa anayoigeuzageuza muuza duka ili mteja aione pande zote. Mtambaji anatangaza kwamba huyu mnayemtazama amekwisha kufa, na kwamba leo hakuna onyesho. Hapo wahusika wengine wanakuja juu: wametoka mbali, wamelipa kiingilio, warudishiwe pesa zao!

Ndivyo inavyofunguka Venus, tamthilia ya Mmarekani mweusi Suzan-Lori Parks, iliyopanda jukwaani mwaka 1996 katika Yale Repertory Theatre, kisha Public Theater ya New York, mwongozaji akiwa Richard Foreman. Ilimpatia Parks tuzo ya Obie. Ikamletea pia lawama nzito, kwamba amemtoa kaburini mwanamke aliyedhalilishwa akamuuza upya. Mwaka 2017 Signature Theatre ya New York iliirudisha, Zainab Jah akicheza nafasi iliyokuwa ya Adina Porter, na lawama ile ile ikawa inamngojea mlangoni.

Mwanamke mwenyewe ni Sara Baartman, Mkhoikhoi kutoka upande wa mashariki wa Rasi, Afrika Kusini, aliyekuwa mtumishi wa ndani mjini Cape Town. Mwaka 1810 Alexander Dunlop, daktari wa jeshi, na Hendrik Cesars walimpeleka London, wakamweka Piccadilly watu walipe wamtazame makalio. Wakambandika jina la "Venus wa Kihottentot", nusu mungu wa mapenzi, nusu tusi, maana Hottentot ni jina la dharau Wazungu walilowaita Wakhoikhoi. Mwaka 1814 akapelekwa Paris, akaangukia mikononi mwa mfunza wanyama. Alifariki tarehe 29 Desemba 1815. Mwanasayansi Georges Cuvier akampasua, akaweka ubongo na sehemu zake za siri kwenye chupa, akatengeneza sanamu ya plasta ya mwili wake. Masalia hayo yaliendelea kuoneshwa Paris hadi miaka ya 1970. Alizikwa Hankey, Afrika Kusini, tarehe 9 Agosti 2002, baada ya Bunge la Ufaransa kutunga sheria mahususi ya kumrudisha. Kwa hiyo Parks alipoandika, mifupa ya Sara ilikuwa bado kwenye stoo ya Wafaransa.

Mkasa huu Parks hakuusimulia kwa mstari ulionyooka. Matukio yake yana namba, nazo zinahesabiwa kinyumenyume, kutoka 31 hadi 1. Mtambaji ni mtu mweusi ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kufukua maiti na kuwauzia madaktari. Ndani ya mchezo kuna mchezo mwingine mdogo, ambamo bibi harusi wa Kizungu anajigeuza Mhottentot ili mchumba wake ampende. Kuna chokoleti nyingi mno, ambazo Daktari, mhusika anayesimama badala ya Cuvier, anamhongea Sara. Aliyesoma fasihi ya Kiswahili atasema haraka kwamba hii ni njia ya Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani: mtazamaji asilewe kilio, akumbushwe kila mara kwamba yuko ukumbini, afikiri. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Brecht hakuwa na mwili wa Sara jukwaani, na ugomvi wote uko hapo.

Ben Brantley, mhakiki wa New York Times, aliona mwaka 1996 kwamba Parks hamchori Sara kama mhanga tu asiyeelewa yanayompata. Parks mwenyewe hakulikwepa hilo. Alieleza kwamba angeweza kuandika saa mbili za mateso matupu, ila Sara wake ana akili, ana majivuno, na ana mkono wake katika yaliyomkuta. Mwaka uliofuata msomi Jean Young alichapisha makala kali katika jarida la African American Review. Hoja yake, kwa ufupi: ukisema mtumwa alikuwa na hiari, umemsaidia aliyemfunga. Tamthilia, kwa maoni yake, inamgeuza Sara kitu na bidhaa kwa mara ya pili, na wahakiki walioshangilia utata wa mhusika walikuwa wanashangilia kuondolewa hatia.

Si hoja ya kupuuza, maana neno hiari lina historia chafu katika kisa hiki. Novemba 1810, miaka mitatu tu baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa, wanaharakati wa African Institution walipeleka shauri mahakamani London wakidai Sara anashikiliwa kwa nguvu. Akahojiwa kwa Kiholanzi. Iliyoandikwa ni kwamba yuko kwa ridhaa yake, kwamba atapata nusu ya mapato, na kwamba angependa nguo za kumkinga na baridi. Shauri likaisha, maonyesho yakaendelea. Mwanamke asiye na nauli, asiye na ndugu katika nchi nzima, anaulizwa kama ameridhika! Parks anaijua kejeli hiyo. Katika tamthilia, Sara anaposhawishiwa kwenda Uingereza anauliza kama ana uchaguzi, na swali linabaki likining'inia. Hapo sioni anayemlaumu Sara. Naona mwandishi anayeonesha jinsi ridhaa inavyotengenezwa, leo ahadi, kesho sarafu, keshokutwa kipande cha chokoleti.

Ninapokaa upande wa Young ni kwenye mapenzi. Parks amembunia Sara mpenzi, naye ni Daktari yule yule atakayempasua. Wanalala kitanda kimoja, anapata mimba, mimba zinatolewa. Cuvier wa kweli alimwona Sara machi ya 1815 katika bustani ya Jardin des Plantes, alipoitwa achunguzwe na wanasayansi na wachoraji. Mapenzi hayamo kwenye kumbukumbu. Najua jibu litakalonijia: sanaa si faili la mahakama. Nalikubali. Ebrahim Hussein alieleza kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ya 1969 si yule wa historia, ni kiumbe cha sanaa, na hatujamdai alete vyeti. Lakini tazama kila mmoja alibuni nini. Hussein alichukua mtu ambaye historia imemwachia maneno machache, akampa shaka, akampa na ujasiri wa kukataa kulikana neno lake mbele ya Wajerumani. Parks alichukua mwanamke ambaye historia haikumwachia hata mwili wake, akampa bwana, na bwana huyo akawa mchinjaji wake. Watetezi husema hilo ndilo linalotisha, kwamba kisu na busu vinatoka mkono mmoja. Inawezekana. Mimi nadhani ubunifu huo umempa Daktari moyo ambao hakuuhitaji, na jioni ya tamthilia inamlalia yeye kwa muda mrefu kuliko anavyostahili.

Hata hivyo kuna onyesho la 16, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nisiizike tamthilia hii. Ni wakati wa mapumziko. Taa za ukumbi zinawashwa. Daktari amesimama jukwaani na karatasi zake, anawasomea wataalamu wenzake ripoti ya upasuaji: mfupa huu, msuli ule, vipimo kimoja baada ya kingine. Kisha anawaambia watazamaji kwamba wanaweza kutoka wakapumzike, yeye ataendelea kusoma kwa sauti ya kutosha wamsikie huko nje. Na watu wanatoka. Wanakunywa soda, wanapanga foleni ya maliwato, wanasalimiana, huku nyuma yao mtu anaorodheshwa vipande vipande. Anayebaki kitini naye hajapona, kwa kuwa amebaki kusikiliza. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Parks anamwambia tazama, kisha anamgeukia: mbona umetazama?

Mtego ni mzuri. Lakini umetegewa nani? Unamnasa vizuri mtu aliyeingia akidhani mambo ya Piccadilly yamekwisha. Je, mtazamaji mweusi, ambaye hakuwahi kudhani hivyo? Yeye amelipa nauli na tiketi ili aoneshwe tena asichoweza kukisahau. Swali hili liliwaka waziwazi London, Septemba 2014, lilipotaka kufunguliwa onyesho la Exhibit B la Brett Bailey, Mzungu wa Afrika Kusini. Waigizaji weusi walisimama kimya kama vitu vya makumbusho, mfano mmojawapo ukiwa wa Sara, wakimkazia macho kila apitaye. Zaidi ya watu 20,000 walitia saini kulipinga, waandamanaji wakaziba njia siku ya ufunguzi, na kituo cha sanaa cha Barbican kikalifuta. Waigizaji wenyewe walilitetea: sisi si vitu, walisema, tumechagua kazi hii na tunajua inachosema. Hiari tena! Neno la mahakama ya 1810, safari hii likisemwa na watu wenye mkataba, mshahara na uwezo wa kuondoka. Novemba mwaka huo, Saint-Denis karibu na Paris, onyesho liliendelea chini ya ulinzi wa polisi.

Sikufurahia kufutwa kwake, maana kumfungia mwigizaji mlango ili kumlinda ni ulinzi wa ajabu. Ila naona kwa nini Venus imedumu vizuri zaidi. Sara wa Parks anaongea. Anabishana malipo, anachoka, anatamani, anadanganya inapobidi. Katika Exhibit B kazi yote imeachiwa macho, na macho ya aliyenyamazishwa kila mtu huyatafsiri apendavyo. Halafu kuna suala la makalio. Porter na Jah wote walivaa vazi lililojazwa, la kubandika. Wapo walioliona kuwa dhihaka iliyorudiwa. Mimi naliona tofauti: mtazamaji aliyekuja kuona anaishia kukodolea sponji, na mwili wa mwigizaji unabaki wake.

Kwetu huku tamthilia ingesomeka kwa namna yake. Mtu wa Iringa anayejua fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, likarudi Kalenga mwaka 1954, au wa Old Moshi ambako kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, bado kinatafutwa, hahitaji kufafanuliwa ile ripoti ya Daktari. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki na ndugu walio hai Tanzania. Mbele ya watu kama hao, onyesho la 16 halisomeki kama mbinu ya jukwaa. Ni orodha ya stoo.

Na niseme langu. Nilipoisoma Venus mara ya kwanza, nilifika kwenye mapumziko nikaona kurasa za maneno ya kitabibu, mifupa na vipimo. Nikasema haya ni ya madaktari, nikazifunua haraka hadi onyesho linalofuata. Siku kadhaa baadaye ndipo nilipong'amua kwamba nilikuwa nimetoka nje kunywa soda. Nikarudi, nikazisoma kwa sauti, kipimo kwa kipimo, mpaka taa za ukumbi zilipozimwa tena.