Majani ya Plastiki Hayaifanyi Nyumba Kuwa na Bustani

Jirani yangu wa huku Goba, Dar es Salaam, ameng'oa uzio wa michongoma uliokuwa umeizunguka nyumba yake tangu tulipohamia, akasimamisha nguzo za chuma, akafunga wavu, kisha juu ya wavu akatandaza yale mazulia ya majani ya plastiki ambayo siku hizi yananing'inia mbele ya maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Wapita njia wanamsifu. Mimi imeniuma, na naandika kwa sababu hayuko peke yake, na kwa sababu najua baadhi yenu mnapanga kufanya vivyo hivyo kabla ya sikukuu.

Uzio wa bustani ni sehemu ya bustani yenyewe, wala si ganda lake. Michongoma ikipandwa kwa mistari miwili iliyopishana, miche ikiachana kama futi moja, na vichwa vikikatwa mapema ili matawi yachipue kuanzia chini, hufunga kiasi kwamba hata kuku hapenyi. Wengi huogopa kukata mche ukiwa mdogo, wakauacha urefuke wanavyotaka, halafu wanalalamika kwamba uzio umejaa juu na chini uko wazi. Ukitunzwa, uzio huo unakupa kivuli, ndege aina ya chozi wanajenga viota humo, na upepo unapopita katikati ya matawi unapungua nguvu kabla ya kuifikia mipapai yako, ilhali ukuta mzima huurusha juu ukashuka kwa kishindo upande wa pili. Usiku udongo wa chini yake hubaki na ubaridi, wakati ukuta wa tofali uliopigwa jua mchana kutwa bado unatoa joto.

Majani ya plastiki hayafanyi hata moja kati ya hayo, na urembo wake wenyewe haudumu. Nimelishika jani moja kwenye uzio wa namna hiyo uliofungwa miaka michache iliyopita mtaa wa pili: kijani kilikuwa kimepauka na kuelekea samawati, na nilipolikunja likakatika, vipande vikabaki vidoleni kama chenga za mchele. Chini yake palikuwa na tuta la mchicha, na chenga kama hizo zilikuwa zimetapakaa juu ya udongo. Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukarudi sokoni na vikapu, tukajivunia. Sasa tunainunua plastiki kwa mita na kuitundika juu ya mboga tunazokula. Jambo hili linanihuzunisha kweli.

Uchagani mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, iliwekwa kwa mimea iitwayo masale, na jani la sale hilohilo ndilo mtu alilolibeba alipokwenda kumwomba msamaha aliyemkosea. Wazee walipanda mpaka kwa mmea wenye heshima, na jirani aliyetazama mpaka ule aliona pia njia ya kupatana. Sijui ni heshima gani tunayompa jirani tunapomwelekezea vipande vya chupa vilivyochomekwa juu ya ukuta.

Nakubali kwamba uzio wa miti una tabu zake. Unachelewa kukua, unadai kukatwa mara kwa mara, na mwenye kuhofia wezi hawezi kulala akisubiri miche ifike kiunoni. Mtu huyo afunge wavu, simlaumu, lakini aupandie bogenvilia au mtambaa mwingine badala ya kuufunika kwa plastiki. Matofali ya matundu nayo yanapendeza upande wa barabarani, kwa kuwa yanapitisha hewa na maua yanaonekana. Mianzi ni mizuri pia, ila isichimbiwe moja kwa moja ardhini, maana mchwa na unyevu wataimaliza. Isimamishwe juu ya msingi mfupi wa zege. Minyaa nisingeipanda penye watoto, kwa sababu utomvu wake unadhuru macho.

Ninachowaomba mnaojenga sasa ni kwamba, kabla fundi wa kuchomelea hajapima nguzo, mwelewane naye aache futi mbili za udongo kwa ndani, zisimwagiwe zege wala kutandikwa vitofali. Hapo ndipo uzio hai utakapoota. Vipandikizi vya bogenvilia havihitaji fedha nyingi: omba tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli, ulikate vipande vya urefu wa shubiri, uondoe majani ya chini na uvichomeke kivulini kwenye mchanga wenye unyevu, vingi kuliko unavyohitaji, maana si vyote vitakavyoshika. Vitakavyoshika vihamishie kwenye wavu masika yanapoanza, mahali penye jua la kutosha, na usivimwagilie kupita kiasi, kwa sababu bogenvilia inayonyweshwa sana hutoa majani tele na maua machache.