Saini ya Wakili Mlezi

Wakili mchanga hujifunza sheria chuoni, lakini uwakili wenyewe huupata kwa kumtazama mtu mmoja, yaani wakili mlezi aliyekabidhiwa kwake. Humtazama anavyompokea mteja mwenye hofu, anavyozungumza na makarani wa mahakama, anavyoandika saa alizozitumia katika jalada, na zaidi ya yote, anavyotia saini. Naitaja saini kwa makusudi, kwa sababu katika kazi hii nimeona maadili mengi yakijengwa au kubomolewa pale kalamu inapogusa karatasi.

Tuchukue hati ya kiapo. Mwapaji anapaswa kufika mwenyewe mbele ya anayemwapisha, aape, kisha atie saini akishuhudiwa. Katika ofisi yenye haraka, hati hugongwa muhuri mwapaji akiwa hayupo, na kwa kuwa maelezo yaliyomo ni ya kweli, kila mmoja hujiambia kwamba hakuna aliyedhurika. Kijana aliyetumwa kuipeleka hati hiyo amedhurika. Amefundishwa kwamba kiapo ni hatua ya kupitisha karatasi, na siku atakapokabidhiwa muhuri wake mwenyewe hatajua kwamba kulikuwa na njia nyingine. Sijaona semina ya maadili inayoweza kulifuta somo la namna hiyo.

Mwezi Juni 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, Jaji P. Kevin Castel wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili wawili pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000, kwa sababu ya hoja zilizotegemea hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote, bali zilibuniwa na programu ya ChatGPT. Wengi waliitazama kesi hiyo kama onyo kuhusu teknolojia. Mimi naitazama kama kesi ya saini: aliyetia saini hakuwa aliyefanya utafiti, na alimwamini mwenzake bila kuzisoma hukumu zenyewe. Hao walikuwa mawakili wazoefu. Je, mlezi anayesaini rasimu ya kijana mwenye miezi sita kazini bila kuisoma, anamwamini au anamtelekeza?

Kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani, zilizopitishwa mwaka 1983, zinaligusa jambo hili pande zote mbili. Kanuni ya 5.1 inaweza kumwajibisha msimamizi kwa kosa la aliye chini yake, hasa akiliagiza, au akilijua mapema na asichukue hatua wakati madhara bado yanaweza kuzuilika. Kanuni ya 5.2 inasema kwamba wakili aliye chini hafunguliwi wajibu wake kwa sababu tu ameagizwa, isipokuwa pale alipofuata uamuzi wa busara wa msimamizi katika swali lenye utata wa kweli. Naiunga mkono, ingawa naona inamwachia mdogo mzigo mzito. Kijana anayesubiri barua ya mlezi wake ili akubaliwe katika taaluma hawezi kusema hapana kwa wepesi ambao kanuni inaudhania. Kwa hiyo ni juu ya mlezi kuufungua mlango huo mapema, aseme waziwazi kwamba agizo lake linaweza kuhojiwa, na siku litakapohojiwa asikunje uso.

Nikiwa mchanga nilikosea kuhesabu siku za kuwasilisha utetezi, na muda ukapita. Mlezi wangu alimpigia simu mteja nikiwa nimeketi mbele yake, akamweleza kwamba kosa ni la ofisi, na kwamba alikuwa huru kutafuta ushauri wa wakili mwingine kuhusu kosa hilo. Kisha akaandika maombi ya kuongezewa muda, na katika hati ya kiapo, iliyokuwa yake mwenyewe, akalikiri kosa kwa niaba ya ofisi bila kulitaja jina langu. Jioni alinirudishia jalada, akafungua kalenda, akaniomba nizihesabu zile siku upya, moja baada ya nyingine, naye akisikiliza.