Kiatu cha Farasi Kinasifiwa Bure

Mwulize mwenye farasi kama fundi wake wa kwato ni hodari, atakuinulia mguu wa mnyama akuoneshe kiatu. Chuma kinang'aa, misumari imepangwa vizuri, basi, fundi ni bingwa. Mimi naona tunaangalia pasipo. Kiatu ni hatua ya mwisho, na wakati mwingine hakihitajiki kabisa. Ufundi wenyewe umo kwenye kisu na tupa.

Fundi anayejua kazi haanzi kwa kuinua mguu. Anaomba farasi atembezwe kwenye ardhi ngumu na tambarare, aende na kurudi, huku akitazama ni upande gani wa ukwato unaotangulia kugusa chini. Ukitangulia upande mmoja kila hatua, viungo vya juu vinapokea uzito kwa mshazari, na farasi wa kilo 500 si mzigo mdogo. Hapo ndipo anaukunja mguu, anakata pembe iliyozidi, yaani ile sehemu ngumu ya ukwato, anapiga tupa kidogo, anaangalia, anapiga tena. Ncha ikiachwa ndefu na kisigino kikalala, kano za nyuma ya mguu zinavutwa kupita kiasi. Kosa hilo haliponywi na kiatu cha bei yoyote.

Kisha kuna lile swali linaloniudhi: "Viatu bado vizima, fundi arudi kufanya nini?" Ukwato huota milimita 6 hadi 10 hivi kwa mwezi, na kiatu kinauzuia usilike. Kwa hiyo pembe inazidi kurefuka, chuma kinasogea mbele pamoja na ncha, kisigino kinakosa tegemeo. Kiatu kizima, mguu umeharibika. Ndiyo maana fundi huitwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, viatu viwe vimechakaa au la. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta; kwa farasi hata kuujenga huwezi, unangoja tu uote upya kutoka juu hadi kwenye ncha, na hiyo ni miezi 9 hadi 12.

Siku ya kupigilia misumari, simama karibu utazame. Msumari huu si wa mbao. Ncha yake imechongwa upande mmoja ili ukigongwa ujipinde kuelekea nje. Ukigeuzwa, unaelekea kwenye nyama hai. Fundi huuanzia ukingoni mwa ule mstari mweupe unaounganisha ukuta wa ukwato na wayo, hauingizi ndani zaidi. Masikio nayo yanafanya kazi: kwenye pembe ngumu mlio wa nyundo ni mkali, ukiwa butu anasita na kuuchomoa msumari. Msumari ukitokeza ubavuni, anaikunja au kuikata ncha papo hapo, maana farasi akivuta mguu ghafla itampasua fundi paja. (Moshi unaofuka kiatu kikijaribishwa kwenye ukwato kikiwa cha moto huwatisha wageni. Pembe ile haina hisia, ni kama kucha.) Msumari ulioingia ndani mno huenda usijulikane siku hiyo. Siku chache baadaye farasi anachechemea, ukwato una joto, na ndani kuna usaha.

Ugomvi wa viatu au miguu mitupu sitauingia sana. Farasi ambaye kwato zake zinalika kwa kazi haraka kuliko zinavyoota, avishwe. Anayeshinda malishoni na ana kwato imara, chuma cha nini? Ila huyo naye lazima apunguzwe kwato kwa ratiba.

Uingereza ina sheria ya mwaka 1975 inayomkataza asiyesajiliwa kuvisha farasi viatu. Marekani haina leseni ya taifa zima. Vyeti vya vyama vya mafundi ni vya hiari. Mimi niko upande wa Uingereza, lakini hata sheria yao inashughulikia kiatu na maandalizi yake tu. Anayepunguza kwato za farasi asiyevaa viatu haimgusi. Watunga sheria nao walikodolea macho chuma.

Na sisi wenye farasi tusijitoe. Kusafisha nyayo kila siku ni kazi yetu, pamoja na kunusa: harufu ya kuoza kwenye ule mto wa pembetatu katikati ya wayo ni dalili ya maambukizi, na banda lenye unyevu na kinyesi huyachochea. Ukwato ukiwa wa moto na mapigo ya damu juu yake yakawa yanadunda kwa nguvu, mwite daktari wa mifugo kwanza, kisha yeye na fundi wapange la kufanya. Kumzoesha farasi kutoa miguu bila vurugu ni juu yetu pia. Fundi aliyeinama chini ya mnyama anayerusha mateke atakimbiza kazi, naye hatumlipi kwa ajili ya kumfunza farasi adabu. Mpe farasi asiyelowa maji, mahali penye mwanga na sakafu tambarare, na mtu mtulivu wa kushika kamba.