Kituoni angani, nani aue watu: dude au hewa?

Filamu ya kutisha ya kituo cha anga ikiwekwa kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa, Mbeya, ubishi huanza mapema. Upande mmoja unataka dude. Watu wamelipa, wanataka kuona kitu chenye meno kikitoka kwenye bomba na kumkokota mtu gizani. Upande wa pili, aghalabu vijana wa vyuo, unasema dude ni mambo ya kitoto: kituo chenyewe kinatosha kuua, tena bila meno. Ubishi huohuo unawahusu waandishi wetu wanaouza simulizi kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, na ndiyo maana naona unastahili kupimwa vizuri. Mwandishi wa Uyole anayemweka mhusika wake kwenye kituo kinachozunguka sayari ya Mirihi lazima aamue ni nini kitakachomuua.

Nianze na dude, kwa sababu wasomi hulidharau haraka mno. Hadithi zetu za jadi zimejaa mazimwi, na mtoto aliyelelewa nazo anajua kwamba zimwi haliingii hivihivi. Linaingia kwa sababu mtu alikuwa na tamaa, au kwa sababu liliigiza sauti ya mama na mtoto akafungua mlango. Swali la msingi la hadithi hizo ni nani aliyefungua. Hadithi nzuri za dude kituoni huuliza hilohilo. Kampuni iliyo mbali inataka kiumbe kiletwe nyumbani kikiwa hai, kwa sababu kina thamani. Wafanyakazi waliomo kituoni hawana thamani hiyo, na hawajaambiwa. Hapo dude linakuwa uso wa mwajiri. Ukiliondoa, hasira ya msomaji inakosa pa kutua.

Kuna pia suala la riziki, na sioni aibu kulitaja. Kibandani filamu hizi husimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika, na msimuliaji hakuja kukaa kimya. Mtu anayeelea peke yake kwenye ujia kwa dakika tano bila neno humwacha bila kazi. Dude humpa kazi. Mwandishi wa vipande naye yumo kwenye shida hiyohiyo. Kila kipande lazima kiishie pale ambapo msomaji atatuma hela ya kipande kinachofuata, na hakuna njia nyepesi kuliko kucha zinazokwaruza kioo.

Wanaotafuta mahali pa kulitoa dude hilo wana Kimondo cha Mbozi hapo jirani, Ndolezi, ambako siku hizi ni Mkoa wa Songwe. Ni chuma kwa sehemu kubwa, na nikeli kidogo, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi. Namwelewa anayekitazama akatamani kitu kiangue ndani yake. Ila tamaa hiyo inaruka swali gumu zaidi, la jinsi binadamu anavyoishi mahali ambapo kila pumzi inatengenezwa na mashine.

Upande wa pili una ushahidi mzito. Tarehe 30 Juni 1971, wanaanga watatu wa Urusi ya Kisovieti walikuwa wakirudi kutoka Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga duniani. Vali moja ilifunguka kabla ya wakati na hewa ikatoka chomboni. Hawakuwa wamevaa suti za anga, maana nafasi haikutosha watu watatu wenye suti. Chombo kilishuka kwa parachuti kama kilivyotakiwa. Waokoaji walipofungua mlango waliwakuta kwenye viti vyao, wamekufa. Sijaona dude lililobuniwa likanitisha kama kule kutua salama.

Mir, kituo kingine cha Warusi, nacho kilipata mwaka mbaya. Februari 1997 moto ulizuka ndani yake, watu sita wakiwamo, na ulitoka kwenye kifaa cha kutengeneza oksijeni, yaani chanzo cha pumzi kiligeuka chanzo cha moshi. Mwali ule uliziba njia ya kwenda kwenye kimoja cha vyombo viwili vya kurudia duniani. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, chombo cha mizigo kilikigonga kituo na kutoboa chumba kilichoitwa Spektr. Hewa ikaanza kuvuja. Suluhisho lilikuwa kufunga mlango wa chumba hicho, lakini mlango haukufungika: nyaya zilikuwa zimepitishwa katikati yake. Iliwabidi wazichomoe na kuzikata, huku shinikizo la hewa likishuka, ndipo wakapata kuziba. Hebu fikiria kurasa tatu za nyaya hizo tu. Zilipitishwa mlangoni siku ya kawaida na mtu aliyetaka kurahisisha kazi.

Hapa ndipo nyanda za juu kusini zinapokuwa na la kusema kuliko wengi wanavyodhani. Angani hakuna hewa ya moto inayopanda wala ya baridi inayoshuka, kwa hiyo hewa haijizungushi. Mwanaanga akilala mahali pasipo feni, hewa ya ukaa anayoipumua hubaki imemzunguka usoni, naye huivuta tena. Ndiyo maana kituoni feni hazizimwi, na kelele zake ndizo faraja; zikinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa. Sasa mpe maelezo hayo mtu wa Makete au Njombe. Atakumbuka mwezi wa Juni, baridi inauma, na jiko la mkaa linaingizwa chumbani, madirisha yamefungwa, nguo imesukumizwa chini ya mlango ili upepo usipite. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Watu wamekutwa asubuhi chini ya mablanketi yao, hakuna aliyepiga kelele. Msomaji wa huku hahitaji kufundishwa kwamba chumba kilichozibwa vizuri kinaweza kuua kwa sababu kimezibwa vizuri. Mwandishi wa Makambako anayeijua hofu hiyo, halafu akaamua kuazima dude lenye mate, amepoteza mali yake.

Kwa hiyo naelemea upande wa hewa. Ila siuchukui wote, kwa sababu una ugonjwa wake. Hadithi inayotegemea hitilafu tupu hugeuka ripoti ya ajali: vali ilifunguka, watu wakafa, basi. Tunahuzunika, hatuogopi. Hofu huhitaji nia, au angalau shaka ya nia. Msomaji anataka kuhisi kwamba kuna mahali uamuzi ulifanyika na ungeweza kuwa mwingine. Mashabiki wa dude wanalijua hilo, ingawa wengi wao hawalisemi hivyo.

Tukio ninalowapelekea watu wa pande zote mbili ni la Luca Parmitano, mwanaanga wa Italia. Tarehe 16 Julai 2013 alikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu alipohisi maji nyuma ya kichwa. Yalivuja ndani ya suti, na kwa kuwa huko maji hayaanguki, yaligandamana na ngozi na kutambaa: yakafika masikioni, yakafunika macho, yakamfika puani. Lita moja na nusu hivi. Hakuona vizuri, hakusikia vizuri, na alirudi mlangoni akisaidiwa na kamba iliyomuunganisha na kituo. Alipona. Lakini sehemu inayonikosesha usingizi ilitokea wiki moja kabla. Suti ileile ilikuwa imekutwa na maji baada ya matembezi ya nje ya tarehe 9 Julai, na watu wenye akili timamu, wanaojali maisha yake, wakaamua kwamba lazima ni mfuko wa maji ya kunywa umevuja. Wakaendelea na ratiba. Hakuna mwovu hapo, wala kampuni yenye tamaa. Kuna ratiba, na kuna maelezo yaliyomridhisha kila mtu haraka.

Hilo ndilo zimwi ambalo ningependa waandishi wetu walifuate. Linaingia kwa njia ileile ya hadithi za bibi, mlango ukifunguliwa na mtu wa ndani aliyesikia sauti anayoifahamu.

Limebaki suala la umbali, ambalo pande zote mbili hulipita kwa haraka. Waandishi wengi huandika "kituo cha mbali" kisha mhusika anaongea na dunia kama anayempigia simu jirani. Kituo cha Kimataifa kipo kilomita 400 hivi juu yetu, karibu nusu ya njia ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, na jioni nyingine kikipita Mbeya kinaonekana kwa macho, nukta angavu inayokwenda bila kumeta. Mwenye shida pale anajibiwa papo hapo, na wakilazimika wanapanda chombo wakarudi nyumbani. Mirihi ni habari nyingine. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari ziko wapi, na muda kama huo tena kurudi. Mtu anaweza kuuliza "nifunge vali ipi?" na kusubiri zaidi ya dakika 40. Jibu linalofika ni la tatizo lililokuwapo wakati ule.

Sioni matumizi mazuri zaidi ya umbali kuliko hayo, na yanamfaa hasa mwandishi anayeuza kwa vipande. Kipande kinaishia swali limetumwa. Kinachofuata chote kinapita ndani ya zile dakika: feni ya chumba cha pili imenyamaza, wawili wanataka kusubiri maelekezo, mmoja anasema anazijua vali hizo na ameshashika bisibisi. Kinaishia sauti ya duniani inapoingia, tulivu, ikianza kwa kuwapa pole ya safari, kabla haijafika kwenye vali. Hela ya kipande cha tatu itatumwa, na hakuna kucha hata moja iliyogusa kioo.